Chuo kinachojua hatari kiwaambie wanafunzi

Jumapili ya Aprili 12, 2015, mwendo wa saa kumi na nusu alfajiri, mlipuko mkubwa ulisikika karibu na mabweni ya bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilikuwa ni hitilafu ya umeme. Siku nyingine yoyote wanafunzi wangeshtuka, wangelalamikia giza, kisha wangejifunika tena blanketi. Lakini zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu mauaji ya Garissa, na kila aliyeamshwa na mshindo ule aliamini kwamba zamu yao imefika. Waliokimbilia ngazi wakakanyagana. Wengine walivunja vioo vya madirisha na kuruka kutoka ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakakimbizwa hospitalini, baadhi yao wakiwa wamevunjika mifupa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja karibu.

Kila ninaposikia mkuu wa chuo akitangaza kwamba usalama umeimarishwa kwa kujenga ukuta na kuajiri walinzi zaidi, hunijia akilini wale vijana wa Kikuyu. Ukuta walikuwa nao. Lango lilikuwapo na walinzi walikuwapo. Kilichokosekana usiku ule ni sauti moja inayoaminika ya kuwaambia ni kitu gani kimelipuka na wafanye nini. Naamini hapo ndipo penye kiini cha usalama wa chuo kikuu: nani anajua nini kuhusu hatari, anamwambia nani, na anasema kwa wakati. Katika hili, vyuo vyetu vingi bado viko nyuma sana.

Turudi Garissa. Alhamisi ya Aprili 2, 2015, mwendo wa saa kumi na moja unusu asubuhi, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliwafyatulia risasi walinzi langoni na kuingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Wanafunzi waliokuwa kwenye sala ya alfajiri ni miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Baadaye wauaji walienda mabwenini, wakiwabagua wanafunzi kwa dini. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Wanafunzi zaidi ya 500 waliokolewa au walitoroka wenyewe.

Mengi yaliandikwa kuhusu kuchelewa kwa kikosi maalumu cha Recce, ambacho kilitoka Nairobi na kufika mchana, ilhali waandishi wa habari waliosafiri kwa barabara walikuwa wametangulia. Kikosi hicho kilipopewa nafasi ya kuingia, jioni, kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Hasira ya wananchi kuhusu saa zile zilizopotea ilikuwa ya haki, na sioni sababu ya kuipunguza hata leo. Lakini mimi hukaa zaidi na siku zilizotangulia.

Kwa maana habari zilikuwapo. Mwishoni mwa Machi, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna taarifa za kijasusi kuhusu uwezekano wa shambulio dhidi ya chuo. Garissa kwenyewe, baadhi ya manusura waliwaeleza wanahabari kwamba kulikuwa na matangazo chuoni kuhusu wageni wasiojulikana walioonekana mjini, na kwamba wapo walioyachukulia kuwa mzaha, kwa kuwa ilikuwa imeingia Aprili mosi, siku ya wajinga. Na mmoja wa wauaji hakuwa mgeni wa elimu ya juu: alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa amewaarifu wakuu wa serikali kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia.

Baba alisema. Serikali ilijua jambo fulani. Chuo kingine kiliwatahadharisha wanafunzi wake. Hata ubao wa matangazo wa Garissa ulikuwa na karatasi. Ila tangazo lisilosema limetoka kwa nani, lisiloeleza ufanye nini, wala lisilofuatiwa na hatua inayoonekana langoni, mwanafunzi atalipita akienda zake kununua chai. Langoni kwenyewe walikuwapo polisi wachache tu, katika mji uliokuwa umeshashambuliwa mara kadhaa, kwenye kaunti inayopakana na Somalia. Ukimwambia mtu yuko hatarini kisha usibadilishe chochote mbele ya macho yake, umemfundisha kutokuamini wakati mwingine utakapomwambia.

Kuna msichana mmoja aliyenusurika ambaye kisa chake kinaonyesha thamani ya kuaminiwa kuliko hotuba yoyote. Aliingia katika kabati la nguo, akajifunika nguo, akakaa humo siku mbili, akinywa losheni ya kujipaka kwa njaa na kiu. Wenzake waliokuwa chini ya vitanda walitoka walipoitwa na wauaji, wakauawa. Jumamosi, waokoaji walipofika na kumwita atoke, alikataa. Sare za polisi hazikumtosha. Wauaji nao walikuwa wamewahadaa wanafunzi kwa maneno ya upole. Alitoka tu baada ya kuletwa mmoja wa walimu wake, aliyemwita na kumhakikishia kwamba waliokuja ni waokoaji kweli. Mwalimu huyo hakuwa na bunduki, wala redio ya mawasiliano, wala cheo chochote cha usalama. Alikuwa na sauti ambayo mwanafunzi wake alikuwa ameisikia darasani.

Baada ya Garissa ulikuja msimu wa malango. Pale penye vyuo ambako mtu angepita bila kuulizwa, paliwekwa vizuizi, mashine za kukagua chuma na foleni ya kuonyesha kitambulisho. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makurutu 10,000 wa polisi, ambao uajiri wao ulikuwa umesimamishwa mahakamani, waripoti kwenye mafunzo. Bewa la Garissa lilifunguliwa tena Januari 2016 likiwa na kituo chake cha polisi, na mwaka 2017 likapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Sipingi lolote kati ya hayo. Ni ujasiri mkubwa kwamba wapo waliorudi kusoma pale, na ulinzi ule walistahili kuupata mapema zaidi.

Hata hivyo, mwaka ule ule wa 2015 ulileta funzo la tatu, na lilitoka kwa nia njema. Novemba 30, 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya mazoezi ya kupima utayari wake iwapo kingevamiwa. Milio ya risasi ikasikika. Waliopanga mazoezi walijua. Wanafunzi wengi na wafanyakazi wengi hawakujua. Watu walikimbia huku na huku, wakaruka madirishani, wakatuma jumbe mitandaoni wakidhani chuo kimeshambuliwa kweli. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki kutokana na majeraha, na wengine kadhaa wakaumia.

Mazoezi ya dharura yana faida kubwa. Wazima moto duniani kote huyafanya, na viwanja vya ndege huyafanya. Lakini mara nyingi huyafanya kwa kutangaza kwanza: leo saa fulani king'ora kitalia, mtatoka kwa ngazi hii, mtakusanyika chini ya mti ule, mtahesabiwa. Shabaha ni miguu ijue njia, ili siku moyo unapoenda mbio mtu asihitaji kufikiri. Anayemtisha mtu ili aone atafanya nini hajamfundisha kitu. Na katika nchi iliyokuwa imezika wanafunzi 142 miezi minane kabla, hakuna aliyehitaji kupimwa kama anaogopa.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja tulikuwa na habari zilizojulikana zisifanyiwe kazi, mshindo usioelezwa na mtu, na mazoezi yaliyofichwa wale waliopaswa kuyafanya. Mara zote tatu watu walikufa, na mara zote tatu kulikuwa na mtu mahali fulani aliyejua jambo ambalo wengine walihitaji kulijua.

Lakini ugaidi, kwa uchungu wake wote, si hatari inayomngoja mwanafunzi wa kawaida kila jioni. Hatari yake inaanza pale lango linapoishia.

Vyuo vingi vya umma nchini Kenya vina wanafunzi wengi kuliko vitanda. Anayekosa chumba ndani anatafuta bedsita nje, na mji unamea kuzunguka chuo: ghorofa tano au sita zisizo na lifti, duka la M-Pesa chini, kibanda cha chipsi, kinyozi, bodaboda wamejipanga kwenye kona. Juja umekua hivyo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Kahawa Wendani na mitaa jirani imekua hivyo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni wanafunzi hao hao wa chuo kile kile, wenye karo ile ile, ila usiku wanalala mahali ambapo mlinzi wa chuo hana mamlaka, polisi ni wachache na taa ya barabarani ikiungua hakuna anayejua aripoti kwa nani.

Angalia safari ya mwanafunzi mmoja. Kipindi chake cha mwisho kinaisha jioni, giza limeshaingia. Begi mgongoni lina kipakatalishi alichonunuliwa na mjomba wakichangiana na mama. Simu iko mkononi kwa sababu anatumia mwanga wake kuona njia. Anafuata kijia kinachokatiza kwenye ploti isiyojengwa, maana kuzunguka barabarani kunamwongezea dakika 15. Kila anayemvizia mwanafunzi anajua saa vipindi vinapoisha, anakijua kijia kile, na anajua ni wiki gani pesa za mkopo wa serikali zimeingia. Mwizi ameisoma ratiba ya chuo vizuri kuliko waliokabidhiwa usalama wake.

Novemba 2019 wanafunzi wa Juja waliandamana kwa sababu ya ujambazi uliokuwa umewazidi. Walikuwa wakidai kulindwa. Yaliyofuata ni video iliyosambaa nchi nzima, ikionyesha maafisa wa polisi wakimpiga na kumkanyaga mwanafunzi aliyekuwa chini. Inspekta Jenerali aliagiza uchunguzi, na maafisa wanne wakasimamishwa kazi. Ninaikumbuka video ile kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu, zaidi ya majeraha ya kijana yule. Mwanafunzi aliyeiona, siku akiporwa, ataenda kuripoti kituoni kweli? Wengi hawaendi. Wizi usioripotiwa hauingii kwenye kitabu cha matukio, na kituo ambacho kitabu chake hakina matukio hakiongezewi doria. Wahalifu ndio wanaofaidika na uadui kati ya makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo, na polisi, na uadui huo umejengwa kwa miaka mingi, na kila upande una sehemu yake, ingawa aliye na bunduki na mshahara wa umma ana sehemu kubwa zaidi.

Ndani ya mabweni kuna wizi wa aina nyingine, wa kimyakimya. Mtu anaenda kuoga anaacha mlango umerudishwa tu. Mwingine ameacha kipakatalishi kikichaji maktaba akatoka kupokea simu. Mgeni anaingia nyuma ya mwenye kadi, anamshukuru kwa kumshikia mlango. Hayo yanazuilika kwa kufuli, kwa jirani anayemjua jirani yake, na kwa kuandika namba ya mashine mahali pengine kabla haijaibwa. Sitayakalia, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyajua kabla ya muhula kwisha.

Kinachonisumbua zaidi ni grili. Kwenye nyumba nyingi za kupanga kila dirisha limezibwa kwa vyuma, na chini kuna lango moja la chuma ambalo keyateka hulifunga kwa kufuli saa nne au tano usiku na kulala na ufunguo. Mpangaji anafurahi kwamba mwizi hataingia. Lakini moto ukiwaka kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza, waliolala juu watatokea wapi? Nchi hii imelijibu swali hilo mara nyingi mno. Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa katika bweni lililokuwa na mlango mmoja uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Moi Girls Nairobi, Septemba 2017: wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: watoto 21. Hizo ni shule, zenye walimu na wakaguzi. Hosteli ya kibinafsi nje ya chuo mara nyingi haina hata kizima moto. Anayepanga ajenge mazoea ya kumuuliza keyateka swali moja kabla ya kulipa: usiku ufunguo wa lango unakaa wapi, na nani mwingine anao? Na grili ya dirisha moja, angalau, iwe na bawaba inayofunguka kwa ndani. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kuchomelea.

Lipo pia jambo ambalo vyuo hulizungumza kwa sauti ya chini, nalo ni ukatili wa kingono. Mara nyingi mtendaji si mtu wa vichakani. Ni mwanafunzi mwenza, rafiki wa rafiki, mhadhiri, au mpenzi wa zamani asiyekubali kuachwa. Taa na ukuta haviwezi kitu hapo. Aliyedhulumiwa anahitaji kujua mapema, kabla halijamfika, nini cha kufanya katika saa za kwanza, kwa sababu wakati ule akili haifanyi kazi. Asioge wala asifue. Nguo zihifadhiwe kwenye karatasi au bahasha ya khaki, si mfuko wa plastiki, ambao huharibu ushahidi. Aende hospitali kwanza, hata kabla ya polisi akipenda, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hospitali itajaza fomu ya matibabu baada ya kubakwa, na polisi watatoa fomu ya P3. Simu ya bure ya 1195 inapokelewa usiku na mchana. Maneno haya machache yangeweza kubandikwa nyuma ya mlango wa kila choo cha kila bweni nchini, na gharama yake ni ya karatasi na gundi. Kwa nini hayapo?

Nadhani sababu ni kwamba kuyabandika ni kukiri kwamba yanatokea. Na hapa nataka kuwapeleka wasomaji mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule kuna familia iliyolazimisha vyuo vya nchi nzima kukiri.

Jeanne Clery alikuwa na umri wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania. Kaka zake walikuwa wamesoma Tulane, New Orleans, naye alitarajiwa kuwafuata. Wazazi wake, Howard na Connie, walipopata habari kwamba mwanafunzi wa kike wa Tulane ameuawa, waliingiwa na hofu na wakamchagulia Lehigh, chuo kilichoonekana tulivu, katikati ya miti. Aprili 5, 1986, alfajiri, mwanafunzi mwenzake ambaye hakumjua aliingia katika bweni lake, akambaka na kumuua chumbani mwake. Alipita milango mitatu iliyopaswa kujifunga yenyewe. Wanafunzi walikuwa wameizuia isifunge kwa kuweka maboksi ya piza, ili wenzao waingie bila taabu.

Baadaye wazazi waligundua kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia kulikuwa na makosa 38 ya kikatili katika bewa lile. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Walikuwa wamekikimbia chuo kimoja kwa sababu ya tukio lililotangazwa, wakakimbilia kingine ambako matukio hayakutangazwa. Walikishtaki chuo, wakalipwa fidia, na fedha hizo wakaanzishia shirika la kupigania usalama wa wanafunzi. Mwaka 1990 sheria ilipitishwa, na tangu 1998 inaitwa kwa jina la binti yao.

Sheria hiyo inakitaka kila chuo kinachopokea fedha za misaada ya wanafunzi kutoka serikali kuu kifanye mambo ambayo, ukiyasikia, utajiuliza kwa nini yalihitaji sheria. Kitunze daftari la matukio ya uhalifu ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma. Kitoe kila mwaka, ifikapo Oktoba 1, ripoti ya uhalifu uliotokea. Na ikiwapo hatari inayoendelea, kitoe onyo kwa wakati.

Isidhaniwe kwamba vyuo viliipokea kwa furaha. Desemba 2006 mwanafunzi wa Eastern Michigan alikutwa amekufa chumbani mwake bwenini. Chuo kiliwaambia wazazi na wanafunzi kwamba hakuna dalili ya kuuawa. Wiki kumi baadaye mwanafunzi mwingine alikamatwa kwa kumbaka na kumuua, na watu wakatambua kwamba muda wote ule wanafunzi wengine walikuwa wakilala katika jengo hilo bila kuonywa. Chuo kilitozwa faini ya zaidi ya dola 350,000 na rais wake akafutwa kazi. Machi 2024 Chuo Kikuu cha Liberty, Virginia, kilikubali kulipa dola milioni 14 kwa kukiuka sheria hiyo hiyo, faini kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa chini yake.

Na ipo Virginia Tech. Aprili 16, 2007, saa moja na robo asubuhi, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini. Chuo kilikutana, kikajadili, kikadhani ni ugomvi wa mapenzi uliokwisha. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi ilitumwa saa tatu na dakika 26. Takriban robo saa baadaye muuaji yule yule alikuwa katika jengo la Norris, amefunga milango kwa minyororo kwa ndani. Watu 30 zaidi walikufa. Saa mbili zilitosha kuwaambia watu wabaki vyumbani. Mwaka uliofuata sheria iliongezwa makali: chuo kikithibitisha hatari ya dharura, kitangaze mara moja.

Wapo watakaosema Marekani ina pesa, ina polisi wa vyuo, ina mifumo ya kupeleka arafa kwa watu elfu 40 kwa mpigo. Ni kweli. Lakini daftari la matukio linahitaji daftari. Na hakuna chuo nchini kisicho na namba za simu za wanafunzi wake wote, kwa sababu siku karo ikichelewa ujumbe huwafikia wote bila kukosa. Njia ile ile inayoleta ukumbusho wa karo inaweza kuleta ujumbe usemao: jana usiku wanafunzi wawili waliporwa kwenye kijia cha nyuma ya maktaba, waporaji walikuwa watatu wenye pikipiki, tumieni barabara ya mbele, mlinzi atasindikiza watu kutoka maktaba saa tatu na saa nne. Ujumbe wa aina hiyo, wenye mahali, saa na la kufanya, humwokoa mtu. Unaosema tu "kuweni waangalifu" haumsaidii yeyote.

Wakuu wa vyuo wanaogopa jina la chuo kuharibika, na hofu hiyo ninaielewa, kwa kuwa wanashindania wanafunzi na wafadhili. Ila wahenga wetu walishasema mficha maradhi kilio humfichua. Makomredi wana makundi ya WhatsApp. Tukio linapotokea saa nne usiku, kufikia saa tano limeshasambaa, limeongezwa chumvi, waporaji watatu wamekuwa kumi na aliyejeruhiwa ameshauawa. Chuo kinaponyamaza, uvumi ndio unaotawala bweni, na bweni linalotawaliwa na uvumi ni lile la Kikuyu alfajiri ya Aprili 12.

Ipo kazi ambayo inaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri Bunge. Chuo kikae na wenye nyumba, machifu, wawakilishi wa bodaboda na mkuu wa kituo cha polisi mara moja kwa mwezi, wanafunzi wakiwa na viti vyao mezani. Kaunti iombwe taa za mulika mwizi kwenye vijia vinavyojulikana, na baraza la wanafunzi ndilo lichore ramani yake, maana wao ndio wanaopita. Wenye hosteli watakaokubali kukaguliwa kwa moto na kufuli wawekwe kwenye orodha ambayo chuo kinawapa wanafunzi wapya; mwenye nyumba atakayeona vyumba vyake vimebaki vitupu Septemba atatafuta fundi wa grili mwenyewe. Mazoezi ya moto yafanywe kila muhula, kwa kutangazwa. Walinzi wa langoni, ambao wengi wao ni wa kampuni za mkataba na mishahara duni, wafundishwe huduma ya kwanza na waruhusiwe kukaa kituo kimoja kwa muda wa kutosha wazijue sura za watu.

Na wazazi nao waulize. Siku ya kuripoti mwaka wa kwanza, nje ya ofisi ya usajili, unaona akina mama wamekalia masanduku ya chuma na magodoro yaliyokunjwa, akina baba wameshika stakabadhi za benki. Wanauliza karo, wanauliza chakula, wanauliza kitanda. Waulize pia: mwaka jana wanafunzi wangapi waliporwa hapa na nje ya hapa? Wangapi walishambuliwa? Akipata shida usiku anapiga namba gani, na nani anaipokea? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hukagua vitabu vya maktaba, vifaa vya maabara na shahada za wahadhiri kabla ya kukiidhinisha chuo. Inaweza kabisa kudai majibu ya maswali hayo yachapishwe kila mwaka, chuo kwa chuo, na yawekwe mezani mbele ya wazazi hao kabla hawajalipa.